Nyoka wa Ndani ya Simu

Sisi tuliokulia kambini Mbuya tulimjua nyoka mmoja asiyeuma. Maskani yake yalikuwa simu ya Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, naye alikuja nyumbani pamoja na baba kila alipopewa likizo kutoka vitani kaskazini.

Kwa tarakimu 2, 4, 6 na 8 tulimwongoza nyoka huyo kwenye chakula. Kila tonge lilimrefusha, hata akawa katika hatari ya kujigonga mkia wake mwenyewe. Mchezo wa asili ulitungwa na mhandisi Mfini, Taneli Armanto, ukatokea katika Nokia 6110 mwaka 1997; wenye simu mbili za namna hiyo waliweza hata kushindana kwa mionzi isiyoonekana. Kwetu simu ilikuwa moja na watoto wanne. Zamu ilianzia kwa mdogo, na mama alikuwa mwamuzi mkali kuliko sajini yeyote.

Likizo ikiisha, simu iliondoka na baba, nayo alama yetu ya juu ikiwa imehifadhiwa ndani yake. Aliporejea, tuliitazama alama hiyo kwanza. Ikiwa imepanda, tulijua kwamba huko alikokuwa alipata walau usiku mmoja wa utulivu.