Aliyetapeliwa Hakuwa na Tamaa

Mwandishi aliyedai gazetini kuwa Serikali inapoteza fedha kuchunguza utapeli, eti wanaolizwa wanaponzwa na tamaa, anaikumbuka DECI peke yake, ule upatu wa kupanda na kuvuna fedha. Kweli, hadi 2009 watu "walipanda mbegu" wakingoja mavuno. Lakini ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" unamvizia nani hapa Ipuli? Mpangaji anayedaiwa kodi. Mzazi mwenye ada mkononi. Anayenaswa ni yule aliyekusudia kulipa. Mkwepa madeni huufuta ujumbe akicheka.

Tena kuna swali ambalo tamaa hailijibu. Tangu Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Tapeli basi anatumia laini ya nani? Pengine ya bibi aliyeambiwa na wakala chini ya mwavuli, "Weka tena kidole, haijasoma." Ndiyo maana ipo *106# ya kukagua namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na 15040 ya kuripoti matapeli. Ripoti hizo zichambuliwe: laini ilisajiliwa wapi, na wakala yupi? Au huyo tumtafute kwa ramli?