Kamera Nayo Ipige Hodi

Mji Mkongwe wa Zanzibar umekwisha kuwazoea wageni wenye kamera. Miongoni mwao wamo wanaokuja kwa vikundi, watu wanane au kumi pamoja na mkufunzi wao, kujifunza upigaji picha kwa muda wa siku moja. Asubuhi huelezwa habari za mwanga na lenzi. Kisha huzunguka Darajani, Malindi na vichochoro vya Kiponda. Alasiri hukaa pamoja kuzikosoa picha walizopiga. Na magharibi ikiingia huwa wameshaagana.

Mafunzo ya namna hii yana faida, nasi twayaunga mkono. Hata hivyo, yafaa tujiulize swali moja ambalo aghalabu halimo katika ratiba zao. Jioni ile, mamia ya picha yanapoondoka ndani ya mikoba, mji wenyewe unabaki na nini?

Upigaji picha si jambo geni kwetu. Studio ya Gomes ilifanya kazi hapa tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo baadaye ilirithiwa na mwanawe, Rohit. Katika studio za zamani mtu aliingia kwa hiari yake, amevaa kanzu iliyopigwa pasi au nguo yake ya sikukuu. Akachagua akae au asimame, akalipa, akaondoka na picha yake ikawekwa nyumbani kwake. Kwa ufupi, mwenye sura ndiye aliyekuwa mwenye picha.

Lakini palikuwapo na picha za aina nyingine. Kadi za posta za enzi za ukoloni zilizichukua sura za watu wa pwani, zikawaandika kuwa ni "mwanamke wa Kiswahili" au "mchukuzi", basi. Picha nyingi za zama hizo zimetawanyika duniani. Chuo Kikuu cha Northwestern, huko Marekani, kinahifadhi mkusanyiko wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika ya Mashariki, za tangu miaka ya 1860 hadi 1960. Ni jambo la kushukuru kwamba zimehifadhiwa. Hata hivyo, katika picha za namna hiyo nyuso ni nyingi na majina ni machache, na wale ambao wangeweza kuyataja wameshatangulia mbele ya haki.

Kwa maoni yetu, mafunzo ya siku moja yasipoangaliwa yataurejea mwendo ule ule wa kadi za posta, ijapokuwa nia ni njema. Mwanafunzi aliyepewa saa mbili kutafuta "sura ya mji" humwona mama aliyekaa kizingitini, akampiga picha, akapita. Hakumjua jina, wala mama hakujua sura yake inakwenda wapi.

Sisi tuliopitia chuoni kabla ya skuli tulifundishwa adabu ya hodi tungali wadogo. Hupigwa mara tatu. Usipoitikiwa, hurudi zako, wala huna haki ya kukasirika. Adabu hii haikuwekwa kwa ajili ya milango tu. Iliwekwa kwa ajili ya heshima ya mtu aliyemo ndani. Na uso wa mtu una mlango wake. Basi kamera nayo ipige hodi.

Wapo watakaosema kuwa ukiomba ruhusa picha inakufa, kwa sababu mtu hujikaza na uso ukabadilika. Hoja hii ina ukweli, lakini si yote. Umati wa Forodhani usiku wa Idi si sawa na mwanamke aliye mlangoni kwake. Aliyejitokeza hadharani si sawa na anayeswali, wala na mtoto anayecheza uchochoroni ambaye mzazi wake hayupo. Tena, aliyeombwa na akakubali, baada ya dakika tano za mazungumzo huisahau kamera. Picha ya wakati huo huwa nzuri kuliko ile ya kuibia, maana aliyepigwa anamtazama mtu aliyekwisha kusalimiana naye.

Liko pia jambo la ufundi linaloambatana na heshima hii. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera hukisia kwamba kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta wetu wa chokaa saa sita za mchana: kamera itaudhania ukuta, itapunguza mwanga, na uso utatoka kama kivuli. Dawa yake ni kuupima mwanga usoni mwa mtu na si ukutani, au kumwomba asogee penye kivuli cha uchochoro. Tukumbuke pia kwamba kadi za kupimia rangi zilizosambazwa na kampuni ya Kodak kuanzia miaka ya 1950 zilikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu, na kwa miongo kadhaa rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha wote. Mkufunzi asiyewafundisha wanafunzi wake kuupiga vyema uso mweusi hajafundisha upigaji picha wa Zanzibar.

Sasa turudi kwenye swali letu: mji unabaki na nini? Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash, iliporomoka na kuua watu. Jumba likishaanguka, picha ya mlango, ya nguzo au ya roshani huwa ushahidi kwa mafundi wanaotaka kulirudisha katika hali yake. Mji ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 unahitaji kupigwa picha kila mwaka, nyumba kwa nyumba. Ni hasara iliyoje kwamba kazi hiyo inafanywa na wageni kila siku, kisha matunda yake yanapanda ndege!

Twapendekeza mambo matatu. Kwanza, saa ya mwanzo ya mafunzo iwe ya maamkizi: kila mshiriki ajue kusalimu, kujitambulisha, kuomba ruhusa, na kukubali akikataliwa. Pili, katika kila kikundi zitengwe nafasi mbili kwa vijana wa mji huu bila ya malipo, hata kama chombo chao ni simu tu. Tatu, kila mshiriki aache nakala za picha kumi, zenye jina la mahali, tarehe, na jina la mtu ikiwa ameridhia, zipelekwe Nyaraka za Taifa kule Kilimani. Na aliyepigwa picha naye apelekewe yake iliyosafishwa kwa karatasi.

Hatusemi haya ili kuwabana wageni peke yao. Vijana wetu wenyewe, simu mkononi, huwapiga picha majeruhi wa ajali barabarani na wafiwa makaburini, wakazisambaza kabla ya tanga kuanuliwa. Hatuwezi kumdai mgeni adabu ambayo sisi wenyewe tumeitupa.

Siku moja ni muda mchache, na haimfanyi mtu kuwa fundi. Lakini inatosha kabisa kumfundisha mtu kusema hodi, kungoja aitikiwe, na kurudisha alichochukua. Wanaoyaandaa mafunzo haya, masheha wa shehia zinazopitiwa na wakubwa wa utalii wakae pamoja walitengeneze jambo hili. Wazee wetu walitoka studio na picha zao mkononi, na wajukuu wao wanastahiki vivyo hivyo.