Mwacheni Bibi Harusi Avae Sweta Lake

Mitihani imekwisha, tunasubiri kujua nani kapangiwa TP wapi, na mimi kama kawaida nimerudi kwenye kamera maana boom lilishakata zamani. Leo nina jambo la harusi za mwezi wa saba kule Nyanda za Juu Kusini, na nalisema wazi kabla hamjanikatisha: wapiga picha wengi wa siku hizi wanawatesa maharusi, na kamati zinachekelea.

Nyie wa Dar mkisikia baridi mnafikiria kiyoyozi cha basi. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukienda Makete, hasa upande wa Kitulo, kuna asubuhi za Juni na Julai unakuta majani yameganda, meupe kabisa. Na hiyo ndiyo miezi watu wanaoana! Wala siwalaumu. Mahindi yameshavunwa, mvua imekata, barabara za vijijini zinapitika, ndugu wa mbali wanaweza kufika. Mtu hawezi kuoa Machi, gari la maharusi likwame kwenye tope, halafu nusu ya waalikwa wako Kwaresima.

Kwa hiyo harusi itakuwa kwenye baridi, hilo halina mjadala. Mjadala ni kile kinachotokea kati ya kanisa na ukumbi.

Mnajua utaratibu. Misa imekwisha, wageni wanakwenda ukumbini, maharusi wanapelekwa "kupiga picha". Kwenye shamba la chai, kwenye misonobari, pembeni ya mto, popote palipo na kijani. Saa mbili zinakatika. Julai mwaka jana nilikuwa msaidizi kwenye harusi moja ya namna hiyo, kazi yangu kushika ile sahani ya kurudisha mwanga. Gauni la bibi harusi halikuwa na mikono, mgongo wazi mpaka kiunoni. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Matroni kamletea sweta, mpiga picha mkuu akasema litoe, linaharibu picha. Akalitoa. Baada ya dakika chache taya zinagongana, anaambiwa atabasamu.

Aliyemwokoa ni shangazi yake. Kateremka kwenye gari na blanketi begani.

"Wewe kijana, huyu mtoto mnataka tumpeleke ukumbini au hospitali?"

"Shangazi, dakika tano tu tunamaliza."

"Hizo dakika tano zako nimeanza kuzihesabu tangu saa kumi."

Akamfunika binti blanketi, akamvuta na bwana harusi ndani yake, akasimama pembeni kama askari wa benki. Na hapo ndipo bibi harusi akacheka kicheko cha kweli kwa mara ya kwanza tangu kanisani. Mume anacheka, shangazi kanuna, ukungu nyuma yao. Mpiga picha mkuu alikuwa kainamia lenzi zake, anafungasha. Picha hiyo haipo popote. Kwenye albamu kuna kurasa nzima za msichana mwenye vipele vya baridi mikononi, lakini ile ya blanketi hakuna.

Mtaniambia mteja kalipa, apewe anachotaka. Sawa, mteja ni nani? Mjiulize. Pesa ni michango, inashikwa na kamati, na anayezungumza na mpiga picha ni mwenyekiti au mweka hazina. Maharusi mara nyingi wanamwona kwa mara ya kwanza asubuhi ya harusi. Kwa hiyo mpiga picha anamwogopa mwenyekiti, mwenyekiti anataka picha kama za harusi ya jirani, jirani naye aliiga kwenye Instagram kutoka harusi ya ufukweni Zanzibar ambako watu wanatokwa jasho. Msichana wa Njombe anavalishwa kwa hali ya hewa ya Zanzibar. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza.

Hilo gauni jeupe lenyewe lina historia yake. Mtindo ulipata nguvu baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa akiwa kavaa jeupe, London, tarehe 10 Februari 1840, katikati ya majira yao ya baridi. Siku ile haina hata picha moja ya kamera. Daguerre alikuwa ametangaza ufundi wake kule Paris mwaka mmoja tu kabla. Yaani yule mama alioa, sorry, aliolewa kwenye baridi yake kwa amani, bila mtu wa kumwambia nyanyua kidevu.

Halafu kinachoniudhi zaidi ni kwamba hata kikazi haina maana. Ukungu ni taa ya bure. Jua la saa saba mchana linamwekea mtu vivuli vyeusi chini ya macho, lakini ukungu unasambaza mwanga, uso unatoka laini bila riflekta wala msaidizi kama mimi. Kosa ni kuiamini kamera peke yake, maana ikiona weupe mwingi inadhani kuna mwanga mkali, inatia giza, na gauni linatoka rangi ya majivu. Unaongeza mwanga kidogo, kwa kuangalia nyuso zisipotee, basi. Mtu anayetetemeka naye picha yake inatoka na ukungu wa aina nyingine, hata uwe na lenzi ya mamilioni. Ngozi ikipigwa na baridi inapauka, midomo inakauka, na pete inapigwa picha kwenye vidole vilivyokakamaa. Betri zenyewe zinaishiwa nguvu mapema kwenye baridi, ndiyo maana wajuzi wanazitunza mfuko wa ndani wa koti. Yaani betri inapewa koti, bibi harusi ananyimwa!

Na ukumbini? Wageni wamekaa saa mbili na soda za baridi, MC kamaliza vichekesho vyote. Maharusi wakiingia, babu yuko hoi na bibi kashapelekwa nyumbani. Hao ndio watu ambao picha zao zitatafutwa miaka kumi baadaye. Msonobari hautafutwi na mtu.

Nakubali kuna bibi harusi mwingine mwenyewe ndiye anataka mgongo wazi kwenye ukungu, na ukimgusia sweta anakununia. Huyo ni haki yake, siku ni yake. Ila aulizwe, tena wiki moja kabla, siyo akiwa amesimama kwenye umande mbele ya umati. Na aambiwe kwamba koti zuri, kitenge kizito au hilo blanketi la shangazi vinatoka vizuri sana kwenye picha. Ule mvuke wa pumzi wakizungumza karibu karibu, jua likiwa nyuma yao, watu wa Dar hata walipe vipi hawaupati.

Mimi nimeombwa kupiga harusi moja Njombe mwezi wa nane, wikiendi ya katikati ya TP. Nimeiandikia kamati masharti matatu: picha za nje nusu saa na ziishe kabla ya saa kumi na moja, bibi harusi aje na kitu cha kujifunika anachokipenda mwenyewe, na nizungumze naye kwa simu kabla hawajanilipa hata senti. Mwenyekiti kajibu kwa WhatsApp, "Tutalijadili kwenye kikao cha Jumapili." Namba ya bibi harusi bado hajanipa.