Mapango ya Elgon na Hadithi ya Wamisri

Msomaji, ukitoka Kitale kwa njia ya Endebess utafika lango la Chorlim kabla jua halijawa kali. Ukitoka Bungoma utapita Kimilili, katikati ya mahindi na miwa, na Mlima Elgon utakuwa mkono wako wa kushoto karibu njia yote. Ndani ya lango, mwituni, yako mapango: Kitum, Makingeny, Chepnyalil na mengineyo. Yamkini shule yako imekwisha kukupeleka huko kwa matembezi ya siku moja. Na yamkini mbele ya mlango wa Kitum alisimama mtu akakuambia ya kuwa pango lile ni hekalu la kale, lililochongwa na Wamisri. Mimi niliambiwa hivyo nilipokuwa na umri kama wako, nikaandika katika daftari langu kwa wino na kupiga mstari chini yake. Leo nataka kulifuta neno hilo.

Hadithi hii si ya wazee wa mlimani. Mwaka 1883 msafiri Mskoti, Joseph Thomson, alifika Elgon akawakuta watu wakiishi mapangoni pamoja na ng'ombe wao. Aliwauliza ni nani aliyeyachimba. Walimjibu ya kuwa ni kazi ya Mungu, maana wao kwa vishoka vyao vidogo wasingaliweza. Jibu hilo halikumtosha. Katika kitabu chake cha mwaka 1885 alikisia ya kuwa taifa fulani lenye nguvu na maarifa liliyachimba zamani sana likitafuta vito au madini, akauliza kama Wamisri waliwahi kufika kusini kiasi hicho.

Tazama mwendo wa fikira hiyo. Aliona shimo kubwa. Aliona watu wenye zana ndogo. Akavijumlisha viwili hivyo, na jumla yake ikawa Mmisri! Ushahidi wa kigae kimoja cha Misri hakuutoa. Naye hakuwa peke yake katika kosa hili. Mwaka 1871 Mjerumani Carl Mauch alizitazama kuta za Zimbabwe Kuu, akaona ni heri azihusishe na Malkia wa Sheba kuliko na mababu wa Washona waliokuwa mbele ya macho yake. Ilipasa wachimbuaji wa mambo ya kale wafukue ardhi, Randall-MacIver mwaka 1905 na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, ndipo wenye masikio wakasikia ya kuwa ni kazi ya Waafrika.

Labda utanijibu: je, unakana ya kuwa watu wa bara hili waliweza kuchonga nyumba za ibada katika mwamba? Hasha. Wamisri wenyewe, ambao ni wa bara hili, walichonga hekalu la Abu Simbel zamani za Farao Ramses wa Pili. Na kule Lalibela, Ethiopia, yako makanisa 11 yaliyochongwa kutoka juu kwenda chini, hata paa la jengo likawa sawa na uso wa ardhi. Nguzo zake zimenyooka, madirisha yana umbo la msalaba, na watu husali humo mpaka leo. Mbele ya kazi kama hiyo hakuna haja ya kukisia. Jiwe lenyewe hutoa ushuhuda.

Basi ulize jiwe la Kitum. Pango lile huingia ndani ya mlima mita 200 hivi, lakini hutaona nguzo iliyonyooka, wala ngazi, wala madhabahu, wala herufi moja. Utaona kuta zilizojaa mifereji, mingine mirefu, mingine mifupi, imepishana ovyo. Hiyo ni mikwaruzo ya pembe za ndovu. Mwamba ule ni majivu ya volkeno yaliyogandamana, nao una chumvichumvi. Usiku ndovu hupanda kwa msafara, huingia gizani wakipapasa njia kwa mikonga, hukwangua ukuta kwa pembe, huokota vipande na kuvisaga kwa magego. Maji ndiyo yaliyoanza kuula mwamba, ndovu wakafuata, na watu pia wakachukua chumvi kwa ajili ya mifugo yao. Juu ya dari utaona magogo yaliyogeuka mawe, miti iliyofunikwa na majivu hayo mamilioni ya miaka kabla ya Farao yeyote kuzaliwa.

Wale wazee wa mwaka 1883, basi, walikuwa karibu na kweli kuliko mgeni wao.

Wala usidhani ya kuwa watu wa nchi hii hawakujua kuchimba. Mwaka 1895 Wabukusu walipigana na Waingereza katika ngome za Lumboka na Chetambe, zilizokuwa na handaki na kuta za udongo. Chetambe ipo karibu na Webuye; ukipanda kilima utaitambua mpaka leo. Mbona hatupeleki wanafunzi huko kwa wingi ule ule? Nadhani ni kwa sababu tumefundishwa kuamini ya kuwa shimo halina heshima mpaka mfalme wa mbali alitie mkono. Aibu hiyo ni yetu wenyewe. Thomson amekwisha kufa tangu mwaka 1895.

Yuko Mmisri mmoja Kitum, nakiri. Ni popo mla matunda, ambaye wataalamu wamempa jina la Misri. Usimwendee karibu: wageni wawili waliozuru pango hilo, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, walikufa kwa homa ya Marburg, na virusi vyake vimepatikana katika popo hao.

Wachimbaji wenyewe wamepungua. Katika miaka ya 1980 majangili waliwaua ndovu wengi wa Elgon kwa ajili ya pembe zile zile walizochimbia. Mifereji yao ingaliko ukutani. Siku utakapokwenda, mtu akikutajia hekalu, mwombe kwa adabu akuonyeshe alama moja ya tindo.