Kibarua Asiye na Karatasi

Nilipokuwa Ilagala, karibu na mahali mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, nilizungumza na kijana aliyepoteza vidole viwili kwenye mashine ya kukamua mawese. Mwenye mashine alimlipia matibabu ya siku ya kwanza, akampa pole, kisha akatafuta mtu mwingine. Nilipomwuliza kama alidai fidia, alinijibu kwa upole: "Fidia ni ya wafanyakazi, mwalimu. Mimi ni kibarua tu."

Jibu hilo halijaniacha. Neno kibarua limetokana na barua: kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi za kutwa kiwe ushahidi wa kazi yake na wa haki ya ujira wake. Leo jina limebaki, karatasi imepotea.

Tuseme ukweli: Tanzania Bara haikosi sheria. Chini ya utaratibu wa zamani, kiwango cha juu cha fidia kwa kifo kilikuwa shilingi 83,000, na kwa ulemavu wa kudumu shilingi 108,000. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliiondoa aibu hiyo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kukusanya michango Julai 2015, na mwaka mmoja baadaye ukaanza kulipa mafao: matibabu, malipo ya ulemavu, utengamao, msaada wa mazishi na pensheni kwa wategemezi.

Mchango ni wa mwajiri peke yake. Ni marufuku kumkata mfanyakazi. Kiwango ni asilimia 0.5 ya mshahara. Kwa anayelipwa shilingi 200,000 kwa mwezi, mwajiri huchangia shilingi 1,000. Mwajiri asiyejisajili hujidanganya kwamba anaokoa fedha, ilhali ajali moja yaweza kumgharimu mtaji wote.

Je, kibarua ni mfanyakazi? Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 hakitazami jina la mkataba. Kinatazama hali halisi: nani anaelekeza kazi, nani anapanga saa, nani anatoa vifaa, nani anategemea nani kwa riziki. Kwa vipimo hivyo, kijana yule wa mawese, na hata mvuvi wa dagaa anayeingia ziwani usiku kwa mtumbwi na taa za tajiri, wana hoja nzito. Mgawo wa samaki usiwe kichaka cha kufichia ajira.

Najua watakaosema kwamba wenye mashine ndogo nao ni maskini. Ni kweli, lakini umaskini wa mwajiri haurudishi vidole vya kijana. Ndiyo maana ya bima: mzigo usiobebeka na mmoja hugawanywa kwa wengi.

Ajali humpata mtu bila miadi, nayo sheria ina saa yake. Mwajiri anapaswa kuitaarifu ajali kwa Mfuko ndani ya siku 7 tangu apate habari. Mfanyakazi ana miezi 12 ya kuwasilisha dai. Maofisa wa kazi wasisubiri malalamiko mjini Kigoma. Wafike kwenye mialo na kwenye mashine. Wanafunzi wangu wa sheria, mnaporudi likizo vijijini, waulizeni ndugu zenu swali moja: ukiumia kesho, jina lako limeandikwa wapi?

Kibarua arudishiwe karatasi yake.