Breki Iliyotumika Ipimwe Kabla ya Kufungwa

Wenye motokaa za zamani huzoea kununua vipuri vilivyokwisha kutumika, kwa kuwa bei ya vipya ni kubwa. Hapana ubaya katika jambo hilo. Taa au mlango uliotolewa katika gari jingine, ukiharibika tena, humtia mwenyewe hasara ya fedha tu. Lakini breki si mlango. Dereva ateremkaye kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, kwa ile barabara iliyojengwa na mateka wa Kitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili, huku amepakia magunia ya viazi, ameweka maisha yake na ya watu wengine katika mafuta machache yaliyomo ndani ya masta silinda.

Dereva akanyagapo breki, pistoni husukuma mafuta, nayo hupeleka nguvu ya mguu mpaka kwenye magurudumu. Kinachozuia mafuta yasipite kando ya pistoni ni vipete vya mpira. Vipete hivyo vikichakaa, au silinda ikishikwa na kutu, mafuta hupenya ndani kwa ndani. Ugonjwa huu una hila, maana kikopo cha mafuta hubaki kimejaa, wala chini ya gari haionekani hata tone moja. Dalili yake ni kikanyagio kuzama polepole mguu ukitulia juu yake. Tena, mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Kwa hiyo masta silinda ya gari lililolala uwanjani miezi mingi yafaa kutiliwa shaka.

Kwanza mnunuzi atazame ukubwa wa tundu la silinda, ambao mara nyingi umeandikwa kwenye chuma chenyewe. Ikiwa gari lake lataka inchi 7/8, asikubali ya inchi 1 kwa sababu tu imeingia mahali pake. Kwa mguu ule ule, msukumo wa mafuta utapungua kwa karibu robo. Kisha afunue mpira wa nyuma. Akikuta majimaji au kutu, aiache.

Pili, pistoni isukumwe kwa kijiti butu kisichokwaruza. Yapasa irudi yenyewe upesi. Ikisitasita, ndani mna kutu au uchafu. Silinda isioshwe kwa petroli wala mafuta ya taa, kwa maana hayo huvimbisha mpira na kuuharibu. Ioshwe kwa mafuta safi ya breki.

Tatu ndicho kipimo chenyewe. Silinda ibanwe katika vaisi kwa kushika masikio yake ya kufungia, wala si mwili wake. Kikopo kijazwe mafuta mapya ya breki, na vijibomba vitoke katika matundu ya silinda na kurudi ndani ya mafuta ya kikopo. Pistoni isukumwe taratibu mpaka mapovu yaishe kabisa. Baadaye vijibomba viondolewe, na matundu yazibwe kwa vizibo vya skrubu vinavyoyafaa. Sasa fundi asukume tena. Pistoni nzima itasogea milimita chache tu, kisha itakuwa ngumu kama jiwe. Aiegemee kwa muda wa dakika moja. Ikizidi kuzama, mafuta yanapenya, na silinda hiyo haifai mpaka itiwe mipira mipya; na ikiwa tundu lake limeliwa na kutu, mipira mipya nayo haitaiponya. Wakati wa kazi hii macho yakingwe, na mafuta yasidondoke juu ya rangi ya gari, kwani huibabua.

Hata hivyo, nguvu ya mkono mezani haifikii nguvu ya mguu wa mtu aliyeshtuka barabarani. Silinda iliyoshindwa mezani imekwisha kujihukumu; iliyofaulu ingali yahitaji kujaribiwa. Ikiisha kufungwa na hewa yote kutolewa, kikanyagio kikanyagwe kwa nguvu gari likiwa limesimama na injini inanguruma, kisha gari liendeshwe polepole mahali tambarare pasipo watu. Hapo ndipo lipakiwe mzigo.

Mnunuzi mwenye busara hupatana na mwuzaji mapema kwamba kifaa kikishindwa kupimwa kitarudishwa. Mwuzaji mwaminifu hatakasirika. Na fundi asemaye kwamba kupima ni kupoteza wakati aulizwe kama yeye mwenyewe yu tayari kupanda gari hilo, pamoja na watoto wake, na kuteremka nalo mpaka Mai Mahiu. Kupima huchukua saa moja tu. Tahadhari kabla ya hatari.