Kitanda Peke Yake Hakimpokei Mgeni



Wapendwa wanaparokia, juma hili tunaomba tuzungumze juu ya meza moja ya chakula na gari moja kuukuu aina ya Hiace. Wengi wenu mnajua kwamba Halmashauri ya Walei imetuletea pendekezo la kuigeuza nyumba ya zamani ya makatekista kuwa nyumba ya wageni. Kabla hatujapiga kura, tungependa kuwashirikisha yale yaliyotupata hivi karibuni.

Tulikuwa safarini, gari letu likaharibika Biharamulo mjini, jua likazama fundi hajamaliza kazi. Tukaelekezwa kwenye nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba sita. Kwa uchovu tuliokuwa nao, tuliomba tuletewe sahani chumbani. Mama mwenye nyumba alitujibu kwa unyenyekevu, ila kwa uthabiti: “Baba Padre, humu vyumbani tunalala tu. Chakula kiko mezani, pamoja na wenzako.” Tulikwenda, na tunakiri kwamba hatukwenda kwa moyo mkunjufu.

Mezani palikuwa na ndizi, maharage na samaki. Tuliwakuta walimu wawili vijana kutoka Mwanza waliokuja kuitembelea hifadhi, dereva wa lori la mahindi aliyekuwa akielekea Ngara, na mama mmoja aliyekula kidogo na kunyamaza sana. Mwenye nyumba aliketi nasi, akamtambulisha kila mgeni kwa mwenzake, akauliza habari za safari. Ilipofika zamu ya yule mama, tulisikia kwamba mtoto wake amelazwa hospitalini, anahitaji kuongezewa damu, na ndugu wa kumchangia wako mbali. Dereva aliweka kijiko chini. Walimu wakatazamana.

Asubuhi mume wa mwenye nyumba aliwasha Hiace yake. Kila siku huwapeleka wageni wake hifadhini na kuwarudisha jioni. Hawashushi langoni akaondoka. Hushuka nao, huwatambulisha kwa askari wa hifadhi, naye huwasubiri. Siku ile alipitia kwanza hospitalini. Dereva na mwalimu mmoja walichangia damu, ndipo safari ya hifadhini ikaendelea, kwa kuchelewa, bila yeyote kunung’unika. Nasi tulibaki na swali moja linalotusumbua hadi leo: kama sote tungelikula vyumbani mwetu, nani angelijua?

Ndugu zangu, tunasema haya kwa sababu wageni wanaongezeka. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilometa za mraba 4,707. Wenye mitaji wanajenga, na hilo ni jema, maana vijana wetu watapata kazi. Lakini nyumba nyingi tunazoziona zikiinuka zina sura moja: vyumba vingi, runinga katika kila chumba, mapokezi yenye kidirisha chenye nondo. Mgeni hulipa, hupewa ufunguo, hulala, huondoka. Hakuna aliyemdhulumu, hakuna pia aliyempokea.

Wilaya zetu zinajua vema maana ya kumpokea mgeni. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu waliokimbia kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilikadiria kuwa kama 250,000 walivuka katika muda wa saa 24 tu. Benaco ikawa mji wa maturubai. Wazee wenu waligawana nao maji, kuni na mihogo. Miti ilikwisha, hofu ikaingia, na Desemba 1996 wengi wao walirudishwa kwao. Hatushangai kwamba baada ya mzigo ule watu wetu walichoka, na baadhi wakajifunza kufunga mlango mapema.

Ziliifuata pia ile miaka ambayo majambazi walizitesa barabara za mapori kati ya Biharamulo na Ngara. Magari yalisubiriana, kisha yakasindikizwa na askari wenye silaha. Katika kusubiriana huko abiria waligawana mahindi ya kuchoma, walibebeana watoto, na kila basi lilijua ni gari gani liko nyuma yake. Hatuwatakii hofu ile tena. Tunachoomba ni kwamba amani isitunyang’anye desturi ya kusubiriana ambayo hata hofu haikuweza kutunyang’anya.

Kanisa lina uzoefu wa kale katika jambo hili. Katika milima ya Alpi, kwenye mpito wa Mtakatifu Bernardo Mkuu kati ya Uswisi na Italia, kuna nyumba ya wageni iliyoanzishwa na Mtakatifu Bernardo wa Menthon katika karne ya 11. Iko mita 2,469 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa baridi barabara hufungwa kwa theluji, na wageni hufika kwa miguu wakiwa na viatu vya theluji, au kwa mbao za kutelezea. Watawa wa nyumba ile hawakuridhika kutandika vitanda na kungoja. Kwa karne nyingi walitoka wenyewe, na baadaye pamoja na mbwa wao mashuhuri, kuwatafuta wasafiri waliopotea na kuwaongoza hadi mezani. Kumbe kazi ya mwenyeji huanza njiani.

Na hapa kwetu, Askofu Christopher Mwoleka, aliyeliongoza Jimbo la Rulenge tangu 1969 hadi 1996, alikwenda kuishi na kufanya kazi pamoja na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa. Aliona kwamba kushirikishana maisha ndiko kunakotufundisha Mungu ni nani.

Basi, msimamo wetu ni huu. Tuijenge nyumba ile, lakini iwe ndogo: vyumba vinane, meza moja, gari moja, na familia itakayoishi hapo na kula na wageni. Tunajua pingamizi zilizopo. Mtunza hazina ametuuliza, kwa haki kabisa, nani atalipa mafuta ya gari hilo. Jibu ni kwamba wageni watachangia, lakini faida itakuwa ndogo kuliko ile ya vyumba ishirini, na ni afadhali tukubaliane juu ya hilo sasa kuliko kulaumiana baadaye. Wengine wamesema mgeni aliyechoka ana haki ya kuachwa apumzike. Ni kweli, na mgonjwa apelekewe chakula chumbani. Wengine wamehofia usalama wa akina mama wanaosafiri peke yao. Kila chumba kiwe na kufuli imara. Lakini mwanamke ambaye mwenye nyumba anamjua kwa jina yuko salama zaidi kuliko yule anayejulikana kwa namba ya chumba.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji atajirike. Wanafunzi wa Emau hawakumtambua Bwana njiani, ingawa alitembea nao mwendo mrefu. Walimtambua walipoketi naye mezani. Tunaogopa kwamba, kama wangelimpa ufunguo na kumtakia usiku mwema, wasingelimtambua kamwe.

Mkutano wa Halmashauri utafanyika Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili. Kabla ya hapo, tunaiomba kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijadili swali moja: ni lini mara ya mwisho mtu asiye ndugu yetu alikula nyumbani kwetu? Sisi katika nyumba ya mapadre tumejiuliza, na jibu limetuaibisha. Kwa hiyo kuanzia Jumatano hii meza yetu ya jioni itakuwa na viti viwili vya ziada, kwa msafiri yeyote atakayepita. Ukimwona kituo cha mabasi amekwama, usimwelekeze tu njia. Mlete.

Mungu awabariki nyote.